Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Nasaha kwa Halmashauri Zinazowania Wawekezaji

 

Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita, tulipokuwa tukitoka msikitini baada ya swala ya Alasiri, alitusimamisha mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza nafaka na kukoboa mpunga katika mji mdogo ambao hatutautaja. Baada ya salamu akasema: "Sheikh wetu, nina jambo linalonikereketa rohoni. Halmashauri yetu imepata mwekezaji wa kujenga kinu kikubwa cha mpunga. Ameomba kiwanja bila malipo, na asamehewe ushuru kwa miaka 10. Madiwani wengi wamekwisha kukubali, wanasema akikataliwa atakwenda wilaya ya jirani. Mimi nina mashine mbili na vijana tisa, na ushuru nimelipa miaka 22. Hakuna aliyewahi kuniuliza nahitaji nini. Sasa watoto wangu wananiambia tufunge, tuhamie huko kwa jirani, huenda nasi tukaitwa wawekezaji. Je, haki iko wapi?"

Hatukumjibu papo hapo, kwani swali lake si la fatwa ya dakika mbili. Tulimwahidi kwamba tutalijibu katika ukurasa huu, kwa sababu tunaamini kuwa wako wengi wenye swali kama lake, na wako madiwani wengi wenye nia njema ambao hawajui wasimame wapi.

Kivutio hulipwa na nani?

Kwanza yatupasa tufahamu halmashauri ina nini cha kumpa mgeni. Kodi kubwa, kama vile kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani, ni mali ya serikali kuu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ndiyo iliyoziwekea halmashauri vyanzo vyao wenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, ada za leseni na vibali, ushuru wa masoko, minada na stendi. Aidha, halmashauri hupima viwanja na kuvigawa. Kwa hiyo, halmashauri ikitaka kumvuta mwekezaji, humpa ardhi kwa bei ya chini, humpunguzia ushuru, au humfikishia huduma mlangoni kwake kwa gharama ya umma. Bunge nalo limewahi kutoa kivutio kutoka mfuko huo huo wa halmashauri. Sheria ya Maeneo Maalumu ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje ya mwaka 2002 iliwasamehe wenye viwanda katika maeneo hayo ushuru wa serikali za mitaa kwa miaka 10, juu ya misamaha mingine ya serikali kuu.

Neno "msamaha" ni tamu masikioni. Lakini msamaha wa ushuru una mlipaji wake, ila tu hakukaribishwa mezani wakati wa kuutia saini. Tuchukue mfano. Ushuru wa huduma kwa miaka mingi ulitozwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kampuni inayouza bidhaa za shilingi bilioni 10 kwa mwaka ingelipa kwa kiwango hicho shilingi milioni 30. Katika miaka 10 ni shilingi milioni 300. Fedha hizo zikisamehewa, haziyeyuki hewani. Ni vyoo vya shule ambavyo havitachimbwa, ni mifereji ya soko ambayo haitazibuliwa, ama ni ushuru ambao utatafutwa kwa muuza mchicha na mama wa maandazi.

Tena kuna jambo ambalo familia nyingi hazilioni. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Na sheria imesema itolewe bila riba, jambo ambalo sisi Waislamu tunalifurahia. Katika ule mfano wetu, milioni 30 zikiondoka, milioni 3 za mikopo isiyo na riba huondoka pamoja nazo kila mwaka. Kikundi cha akina mama cha mtaani kinakuwa kimechangia kinu cha tajiri pasi na kujua.

Nionyesheni soko

Tusieleweke vibaya. Hatumpigi vita mwekezaji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mji usio na kazi hauwezi kuwatunza vijana wake. Mwenye mtaji anayejenga kiwanda, akaajiri, akanunua mpunga wa mkulima kwa bei nzuri, huyo ana heri. Dini yetu ilikulia mikononi mwa wafanyabiashara, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alisafiri na misafara ya biashara kabla ya utume.

Lakini hebu tumtazame mfanyabiashara mmoja mgeni aliyeingia katika mji akiwa hana kitu. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alihama Makka akaacha mali yake yote. Alipofika Madina, Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (R.A.), mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Ndugu zangu, je, kuna kivutio kikubwa kuliko nusu ya mali ya mwenyeji? Abdurrahman alimwombea dua ya baraka, akaikataa, na akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Alianza kwa kuuza samli na jibini, na baada ya muda akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa umma huu, na miongoni mwa watoaji wakubwa.

Kisa hiki kinatufunza kumpima mgeni. Mfanyabiashara wa kweli swali lake la kwanza ni soko: wateja wako wapi, barabara inapitika, umeme upo, maji yapo, vijana wana ujuzi, hakimu anahukumu kwa haki? Mgeni ambaye swali lake la kwanza ni "mtanisamehe nini?" anatafuta nusu ya mali ya Saad.

Na soko lenyewe Mtume (S.A.W.) aliliwekea misingi. Katika mapokezi ya Ibn Majah imesimuliwa kwamba aliwatengea Waislamu wa Madina uwanja wa soko, akaelekeza kwamba usibanwe wala watu wasitozwe kodi juu yake. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi ya mapokezi haya, lakini mafunzo yake yanaafikiana na yale yaliyojulikana katika masoko ya Waislamu wa mwanzo: mtu akiwahi mahali anauza hapo siku hiyo, na kesho mwenzake akiwahi ni zamu yake. Zingatieni, ndugu wasomaji, kwamba huu nao ulikuwa ni unafuu wa kodi, tena mkubwa. Tofauti yake ni kwamba haukutolewa kwa mtu mmoja aliyekuja na mkoba. Ulitolewa kwa kila aliyefika na bidhaa yake, tajiri kwa masikini.

Somo la Geita

Kama mtu atasema kwamba mambo haya ni ya zamani, basi na tuje hapa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taifa letu lilikuwa na hamu kubwa ya kuwavuta wachimbaji wakubwa wa dhahabu. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliruhusu serikali kuingia mikataba ya uendelezaji na kampuni za migodi. Katika mikataba hiyo, malipo kwa halmashauri yaliwekewa kikomo cha dola za Kimarekani 200,000 kwa mwaka, badala ya ule ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ulikuwa chini ya utaratibu huo.

Wakati mikataba inaandikwa, pengine dola 200,000 zilionekana nyingi kwa wilaya ya vijijini. Bei ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia. Lakini kufikia mwaka 2011 bei ilikuwa imepita dola 1,800. Dhahabu ilipanda mara sita, na fungu la halmashauri likabaki pale pale. Mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka, ukitozwa asilimia 0.3, hulipa dola milioni 1.5. Tofauti kati ya hesabu hiyo na dola 200,000 ndiyo bei ambayo wilaya ililipa kwa ajili ya kivutio, na haikuwa wilaya iliyoketi kujadiliana.

Malalamiko yalikuwa mengi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani ilikabidhi taarifa yake juu ya sekta ya madini mwaka 2008, sheria mpya ya madini ikatungwa mwaka 2010, na ni katikati ya miaka ya 2010 ndipo halmashauri za maeneo ya migodi zilipoanza kupata ule ushuru wa asilimia 0.3. Mwaka 2017 sheria ikaongeza kwamba mipango ya migodi ya kuhudumia jamii ikubaliwe pamoja na halmashauri husika.

Hatusemi haya ili kufukua makaburi. Migodi ilileta ajira na kodi nyingine kwa taifa. Tunachosema ni kwamba kosa halikuwa kumpa mgeni unafuu. Kosa lilikuwa kumpa unafuu usiokwenda na wakati wala na faida, na kuuandika mbali na macho ya wale watakaoulipia. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kijiji cha Mount Pleasant

Wala tusidhani kwamba kuduwazwa na ahadi ni tabia ya nchi masikini peke yake. Katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, kuna mji mdogo unaoitwa Mount Pleasant, ambao kwa sheria za huko huhesabiwa kuwa kijiji. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn ya Taiwan, watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, ilitangaza kwamba itajenga huko kiwanda cha vioo vya televisheni kwa dola bilioni 10 na kuajiri watu 13,000. Jimbo liliahidi vivutio vya thamani ya karibu dola bilioni 3. Kijiji na wilaya yake vilikopa fedha nyingi ili kununua ardhi, kupanua barabara na kufikisha maji. Wenyeji wakaondolewa, baadhi yao waliopinga wakajikuta maeneo yao yametangazwa kuwa yamechakaa, ili yapatikane kwa njia za kisheria. Mwezi Juni 2018 Rais wa Marekani alikwenda mwenyewe kuchimba mchanga wa kwanza, akauita mradi huo ajabu ya nane ya dunia.

Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa. Mwezi Oktoba 2020 jimbo lilikataa kuilipa kampuni kwa sababu haikuwa imetimiza masharti. Mwezi Aprili 2021 mkataba uliandikwa upya: uwekezaji ukawa dola milioni 672 badala ya bilioni 10, ajira zikawa 1,454 badala ya 13,000, na vivutio vya jimbo vikashushwa hadi dola milioni 80. Baadaye, mwaka 2023, kampuni ya Microsoft ilianza kununua ardhi hapo kwa ajili ya vituo vya kompyuta, na mahali hapo pakapata matumaini mapya.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kalamu iliwaokoa. Fedha za jimbo zilipangwa kulipwa baada ya ajira kupatikana, wala si kabla. Na kijiji kilikuwa kimeandika kwamba kuanzia mwaka 2023 kampuni italipa kodi ya majengo kana kwamba imejenga mali ya thamani isiyopungua dola bilioni 1.4, hata kama haikujenga. Lau si maandishi hayo, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Qur'ani Tukufu, katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni la muda hata likiwa dogo, na kuweka mashahidi. Na Waswahili wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Funzo la pili ni kwamba kuna vitu ambavyo kalamu haivirudishi. Nyumba ya mzee iliyobomolewa, na majirani walioishi pamoja miaka 30 wakatawanyika, havina fidia katika mkataba wowote uliorekebishwa.

Je, vivutio hivi hubadili kweli uamuzi wa kampuni? Timothy Bartik, mchumi wa Taasisi ya Upjohn huko Michigan, alikusanya mwaka 2018 tafiti nyingi zilizofanywa Marekani juu ya swali hilo. Makadirio yake ni kwamba vivutio vya kawaida huamua mahali kampuni itakapokwenda kwa kati ya asilimia 2 na asilimia 25 tu ya kampuni zinazovipata. Yaani katika kila kampuni nne, tatu au zaidi zingefanya uamuzi ule ule hata bila kupewa chochote, kwa sababu tayari zilikuwa zimelipenda soko, barabara au malighafi ya mahali hapo.

Yako hata madhara ya jirani kumpora jirani. Mji wa Kansas City umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, Missouri na Kansas. Kwa miaka mingi kila upande ulizihonga kwa misamaha kampuni za upande wa pili, nazo zikawa zinavuka barabara ya mpaka na wafanyakazi wale wale, wakaazi wa mji ule ule. Mamilioni ya dola yakateketea na ajira mpya zikawa chache mno. Mwaka 2019 majimbo hayo mawili yakakubaliana kuacha vita hivyo. Sasa madiwani wetu wanaoambiwa "tukimkataa atakwenda wilaya ya jirani" na wajiulize: je, tumewahi kuketi na huyo jirani? Kwa nini tusikubaliane naye kiwango kimoja, ili mgeni atuchague kwa ubora wetu na si kwa unyonge wetu?

Walio ndani wasisahauliwe

Hapa ndipo tunapofika kwa mzee wetu wa mashine mbili. Neno linaloandikwa katika mipango ya maendeleo ni "kuvutia wawekezaji". Neno linalosahauliwa ni kuwabakiza waliopo. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, lakini ndio uliosujudia juu yake kila siku. Msala wa mpita njia ni mzuri, lakini atakapoondoka ataondoka nao.

Mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao. Malalamiko yao mengi yalihusu mamlaka ya kodi ya taifa na si halmashauri, lakini somo ni moja: mfanyabiashara aliye ndani haombi kiwanja cha bure. Anaomba kodi inayojulikana mapema, akadiriwe kwa uadilifu, asisumbuliwe na watu kumi wenye vitabu kumi vya risiti. Soko likipoteza sifa hizo, mteja wa nchi jirani aliyekuwa akija na lori anajifunza njia nyingine, na akishajifunza ni kazi kumrudisha.

Na nchi yetu imewahi kuthibitisha kwamba unafuu wa wote unawezekana. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mdogo mdogo ulioitwa kero. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Hivyo navyo ni vivutio, ndugu zangu, ila havikuwa na mabango wala sherehe ya kukata utepe.

Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis aliyeandika Muqaddima mwaka 1377, alilieleza jambo hili kabla ya vyuo vikuu vya uchumi. Alieleza kwamba dola changa hutoza kidogo, watu wakachangamka kufanya kazi, na mapato yakawa mengi. Ikizeeka hutoza kingi, mikono ikalegea, na mapato yakapungua. Halmashauri inayomsamehe mmoja na kuwakamua mia, basi kwa yule mmoja imekuwa dola changa na kwa wale mia imekuwa dola iliyozeeka.

Masharti matano

Tunawanasihi madiwani na watendaji wetu, kabla ya kuinua mkono kupitisha kivutio chochote, wayazingatie haya.

Kwanza, kiwe wazi. Kinachoombwa, kinachotolewa na gharama yake kwa shilingi visomwe katika baraza la madiwani na vibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Jambo la halali haliogopi mwanga.

Pili, kiwe na muda, na kipungue mwaka hadi mwaka, mpaka mgeni ashike jembe kama wenyeji.

Tatu, kifungwe na ahadi iliyoandikwa: ajira ngapi, za wenyeji wangapi, kwa mshahara upi, mpunga kiasi gani utanunuliwa kwa wakulima wa hapa. Ahadi ni deni. Asipotimiza, arudishe alichosamehewa, na ardhi irejee kwa umma.

Nne, kisimdhulumu aliyepo. Kama kukoboa mpunga ni biashara inayostahili unafuu, basi unafuu huo umfikie kila mwenye mashine kwa kipimo kinachojulikana. Allah (S.W.) ametufunza katika Suratul Hashr, aya ya 7, hekima ya kugawa mali ya umma ili isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao.

Tano, mikono iwe safi. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mkusanyaji wa zaka aitwaye Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi na mali akatenga fungu na kudai kwamba hilo amezawadiwa yeye. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akamkemea mbele ya watu, akauliza kwa maana kwamba lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Diwani anayepewa "asante" na mwekezaji ajiulize swali hilo hilo. Wala tatizo si kwa wawekezaji tu: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara ushuru uliokusanywa kwa mashine za kielektroniki usifike benki. Halmashauri inayovuja namna hiyo haihitaji mgeni kabla haijaziba mtungi wake.

Na sisi wananchi tusijitoe lawamani. Mikutano ya mitaa na vijiji huitishwa, nasi tunaacha viti vitupu, kisha tunalalamika barazani tukinywa kahawa. Baba na mama wa familia ya Kiislamu wahudhurie, waulize kwa adabu, waombe taarifa ya mapato na matumizi. Kuuliza juu ya mali ya umma si fitina. Ni kusaidiana katika wema. Na sisi wafanyabiashara tulipe tunachodaiwa kwa haki, maana hatuwezi kuilaumu halmashauri kwa mifereji iliyoziba ilhali tuna madaftari mawili, moja la kweli na jingine la kuonyesha.

Sasa tumjibu mzee wetu. Mzee wetu mpendwa, usifunge mashine zako kwa hasira, na usihame kwenda kuomba kwa jirani kile unachokilaumu hapa. Wakusanye wenzako wenye mashine, wakulima na akina mama wa vikundi, andikeni barua moja kwa mkurugenzi na kwa diwani wenu. Msiseme "mwekezaji asije". Semeni: aje, alipie ardhi kwa haki, na unafuu utakaotolewa uwe wa kila mkoboaji, ulioandikwa, wenye mwisho. Ombeni na lenu pia: mfereji wa soko, taa za usiku, na ushuru ulipwe kwa risiti moja. Kinu kikubwa kikija kwa masharti hayo, huenda mpunga ukaongezeka na wewe ukapata kazi ya kutosha pembeni yake. Mwenye kinu akiyakataa, basi mtakuwa mmejua mapema kwamba alikuja kutafuta nusu ya mali ya Saad.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape viongozi wetu macho ya kuona wa mbali bila ya kumsahau wa karibu, abariki masoko yetu, na aziruzuku familia zetu riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.